Tumbo limepunguzwa, lakini sahani ya bugali bado iko mezani

Mwezi wa tatu mwaka 2005, Diego Maradona aliingia katika kliniki moja ya mji wa Cartagena, nchini Kolombia, akiwa na miaka 44 na mwili mzito ambao mashabiki wake waliutazama kwa huruma. Waganga walimfanyia operesheni ya kupunguza tumbo la chakula, ile inayoitwa baipasi. Miezi mitano baadaye alionekana kwenye televisheni ya Argentina akiongoza kipindi chake mwenyewe, amekonda, anacheka, anapiga mpira kwa kichwa. Picha zake za kabla na za baada zilizunguka dunia nzima.

Sehemu ya pili ya habari hiyo haikuzunguka sana. Mwaka 2007 alilazwa hospitalini Buenos Aires, ini likiwa limechoka na pombe. Kilo zilianza kurudi. Mwaka 2015 alilala tena kwenye meza ya operesheni ya tumbo, mara hiyo nchini Venezuela. Alifariki tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2020, akiwa na miaka 60, kwa ugonjwa wa moyo. Maradona alikuwa na shida ya kokaini na pombe tangu zamani, kwa hiyo si haki kubebesha operesheni lawama yote. Lakini maisha yake yanaonyesha jambo ambalo waganga wa kazi hii humwambia kila mgonjwa kabla ya kumlaza: kupasua kunachukua saa moja au mbili, kisha inaanza kazi ya kila siku ambayo mgonjwa ataifanya hadi mwisho wa maisha yake.

Kazi hiyo imeanza kuingia hata katika nyumba za Kivu. Wako Wakongomani wanaoishi Ulaya waliofanyiwa operesheni huko, wanaorudi kwa likizo, kwa kilio au kwa kukaa kabisa. Wako pia wenye uwezo wanaosafiri hadi India au Uturuki, wanalipa wenyewe, wanalala siku chache na kurudi na tumbo jipya. Wa kwanza wana muganga anayewangoja Bruxelles au Paris. Wa pili mara nyingi wanarudi na karatasi chache tu kwenye begi, na hapo ndipo shida inaanzia.

Wengine watauliza kama ni wakati wa kuzungumza juu ya unene, katika nchi ambayo watu zaidi ya milioni 25 hawapati chakula cha kutosha. Swali ni la haki. Lakini njaa na unene vinaweza kukaa katika mji mmoja, hata katika avenue moja. Kwa hesabu za OMS, mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na unene wa kupita kiasi, na unene huo unatembea pamoja na ugonjwa wa sukari, tansio, maumivu ya magoti na pumzi kukatika usingizini. Hayo ni magonjwa yanayojulikana sana hapa.

Nchini Ubelgiji, bima ya afya inalipa operesheni hiyo kwa masharti. Waganga wanagawanya kilo za mtu kwa urefu wake uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 40, au 35 pamoja na ugonjwa kama sukari, mlango unafunguka. Kwa mwanamke mwenye urefu wa mita 1,65, namba 40 ni karibu kilo 109. Pia lazima awe amejaribu kwa mwaka mzima kupungua kwa njia ya chakula na kushindwa, na kikundi cha waganga, pamoja na mwanasaikolojia, kikubali. Huyo mwanasaikolojia hakuwekwa kama pambo, maana mtu aliyekuwa anakula ili kutuliza uchungu anaamka kwenye operesheni na uchungu ule ule, ila dawa yake ya zamani imenyang'anywa.

Operesheni zinazofanywa zaidi ni mbili. Katika ile inayoitwa slivu, muganga anakata na kutoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, na kinachobaki ni mfereji mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika baipasi, ambayo mizizi yake ni kazi ya daktari Edward Mason katika jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1966, anatenga kimfuko kidogo kama yai juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo, chakula kiruke sehemu ya njia yake ya zamani. Mtu anashiba upesi, na kwa muda njaa yenyewe inapungua, kwa sababu homoni zinazopeleka habari ya njaa kichwani zinabadilika.

Je, matokeo yanadumu? Jibu zuri linatoka Sweden, ambako kuanzia mwaka 1987 watafiti walifuata watu zaidi ya 4.000 wenye unene mkubwa, nusu waliopasuliwa na nusu ambao hawakupasuliwa. Waliofanyiwa baipasi walipoteza karibu asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka 10, walikuwa wamebaki na hasara ya asilimia 25. Tumrudie yule mwanamke wa kilo 109: angeshuka hadi kilo 74, kisha miaka ikipita angepanda hadi karibu 82. Ni ushindi mkubwa, na katika utafiti huo waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao. Lakini kupanda kwa kilo 8 hivi kuko ndani ya hesabu ya kawaida. Asiyeambiwa hivyo mapema anaona mzani umesogea, anadhani ameshindwa, anakata tamaa na kuacha kwenda kwa muganga. Wengi wanapotelea hapo.

Wiki za kwanza ni za maji na vitu vyepesi: mchuzi uliochujwa, maziwa, uji mwepesi wa soya na mahindi, kwa vikombe vidogo, kunywa kidogo kidogo siku nzima. Baadaye kinakuja chakula kilichopondwa, kisha kilicho laini, na baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili mtu anarudi kwenye chakula cha familia. Kuruka hatua hizo ni hatari, maana mshono wa ndani bado haujapona. Anayepasuliwa nje ya nchi na kupanda ndege baada ya siku chache anazipitia hatua hizo nyumbani, akipikiwa na watu ambao hawajawahi kuziona.

Halafu unafika ule wakati wa kukaa mezani na wengine, na meza ya Kivu ina mfalme wake. Bugali ndiyo inayoitwa chakula. Vingine vyote ni mboga. Mtu anaweza kula mkate, viazi na nyama, na jioni akasema hajakula leo, kwa sababu bugali haikuonekana. Kwa mwenye tumbo dogo mpango huo lazima upinduliwe. Nafasi iliyoko ni ya vijiko vichache, na vijiko hivyo vikijazwa bugali ya muhogo, ambayo karibu haina protini, mwili unaanza kula misuli yake wenyewe. Waganga wanaomba gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Nywele zinazoanguka kwa wingi mwezi wa tatu au wa nne zinawatisha wengi. Kwa kawaida zinarudi, mradi protini na madini ya chuma visikosekane.

Bahati ni kwamba eneo hili si maskini wa protini, kwa anayeweza kununua. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kipande cha gramu 30 cha jibini la Masisi kina karibu 7. Ndagala kavu wa Uvira na Kalemie ni zaidi ya nusu protini kwa uzito wao. Sambaza, ambao waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na sasa wanahesabiwa kama wenyeji, ni wadogo, laini, na wanafaa sana tumbo hilo wakipikwa kwa mchuzi bila kuelea kwenye mafuta. Maharagi yaliyoiva vizuri yanasaidia pia. Kanuni ni kuanza na samaki, yai au maharagi, kufuatisha sombe au lengalenga, na kumalizia na tonge ndogo ya bugali kama nafasi imebaki. Nyama ngumu ya kuchoma inaweza kukwama na kurudi juu. Mkate laini unaojikusanya kama gundi nao unasumbua wengi.

Namna ya kula nayo inabadilika. Mtu anatafuna sana, anatumia dakika 20 hadi 30 kwa sahani ndogo, hanywi maji anapokula, na anangoja nusu saa hivi kabla ya kunywa. Katika nyumba ambapo watu 5 wanakula kwenye sahani moja, mwenye kutafuna polepole anakuta sahani tupu. Ni afadhali apewe sahani yake ya pembeni, hata kama itaonekana kama majivuno. Hili ni jambo dogo ambalo familia inaweza kulitengeneza kwa siku moja, na linasaidia kuliko dawa nyingi.

Sukari ni habari nyingine. Baada ya baipasi hasa, chai ya vijiko vinne, Fanta au mandazi mawili yanaweza kumwangusha mtu. Chakula cha sukari kinatelemka kwenye utumbo kwa haraka, na ndani ya nusu saa moyo unapiga mbio, jasho linatoka, tumbo linauma, kuhara kunafuata. Kwa wengine shida inakuja baada ya saa moja hadi tatu: sukari ya damu inashuka chini mno, mikono inatetemeka, macho yanaona giza. Wageni nyumbani wanaweza kudhani ni malaria au uchawi. Mwenye slivu hapati sana adhabu hiyo, na hilo nalo lina ubaya wake, kwa sababu vitu vya maji na vitamu vinapita bila kizuizi. Tumbo dogo linakataa sahani kubwa ya wali lakini halikatai chupa tatu za kinywaji cha sukari zilizonywewa polepole mchana kutwa.

Pombe inastahili onyo lake. Baada ya baipasi inaingia kwenye damu haraka na kwa nguvu. Chupa moja ya Primus inaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji mbili au tatu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2012, uliofuata watu 1.945 katika hospitali 10, ulionyesha kwamba wenye shida ya ulevi walikuwa asilimia 7,6 kabla ya operesheni na 9,6 katika mwaka wa pili baada yake. Ongezeko linaonekana dogo kwenye karatasi. Lakini ndani yake kuna watu ambao hawakuwa walevi, waliopoteza faraja ya chakula wakaikuta chupani. Kasiksi ya sherehe, ambayo mtu anamiminiwa bila kuuliza, iwekwe kwenye hesabu hiyo pia.

Hatari ambayo pengine ni kubwa kuliko zote inauzwa kwenye kila kona, bila karatasi ya muganga. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ndizo dawa ambazo watu wananunua kwa mgongo, kwa meno, kwa kichwa. Kwa aliyefanyiwa baipasi zinaweza kutoboa kidonda pale kimfuko cha tumbo kilipounganishwa na utumbo, kidonda kinachoweza kutoka damu au kupasuka. Sigara inaongeza hatari hiyo hiyo. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ndiyo inayoshauriwa. Muuza dawa hawezi kujua mteja wake ana tumbo la namna gani kama mteja hasemi.

Dawa za zamani nazo zinahitaji kupimwa upya. Baada ya operesheni, sukari ya damu inaweza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata ya kilo kuondoka, na tansio inafuata. Anayeendelea kumeza vidonge vile vile vya sukari kwa kipimo cha zamani anaweza kuanguka na kupoteza fahamu.

Kisha kuna vitamini. Kwa kuwa tumbo na utumbo havinyonyi tena kama zamani, mgonjwa anahitaji kila siku, maisha yote, vitamini mchanganyiko, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, na B12 kwa kidonge kikubwa au sindano. Kalsiamu na chuma havimezwi pamoja, vinaachana kwa saa mbili, na chai inazuia chuma kuingia mwilini. Udanganyifu wa B12 ni kwamba ini lina akiba yake: mtu anaacha dawa, mwaka wa kwanza hasikii kitu, na baadaye miguu inaanza kuchoma na kufa ganzi, kumbukumbu zinapotea. Vitamini B1 haina subira hiyo. Mtu anayetapika kila siku kwa wiki mbili au tatu anaweza kuimaliza, macho yakaanza kucheza, mwendo ukawa wa kuyumba, akili ikachanganyikiwa. Huyo anahitaji sindano ya B1 hospitalini haraka, kabla ya kuwekewa seramu ya sukari, kwa sababu sukari inakula kile kidogo kilichobaki.

Vipimo vya damu vinafanywa mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha mara moja kwa mwaka. Kwa anayeishi Kivu, hapo ndipo gharama ya kweli inapojificha. Ndege na operesheni vinalipwa mara moja, lakini vidonge na maabara havina mwisho. Na njia zenyewe zinaweza kufungwa: uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, na mwenye miadi na muganga wa mbali akalazimika kutafuta barabara nyingine. Anayefikiria operesheni hii angepaswa kuhesabu miaka 10 ya vitamini kabla ya kuhesabu bei ya tiketi.

Kuna pia macho ya watu. Hapa, mwili mnene bado unasomwa kama afya, pesa na ndoa yenye amani. Aliyepoteza kilo 30 kwa miezi minane anapokelewa kwa kunong'onezwa. Wanasema ni Sida, wanasema mume anamtesa, wanasema biashara imeanguka. Shangazi analeta sahani ya pili na kununa ikirudi imejaa. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kuleta vidonge vya kunenepesha. Matumizi mabaya ya deksametazoni na siproheptadini kwa ajili ya kuongeza mwili yanajulikana sana Kinshasa, na watafiti wameyaandika. Kwa mwenye tumbo lililopasuliwa, deksametazoni inapandisha sukari na tansio, magonjwa yale yale yaliyompeleka kwenye kisu, na inasaidia vidonda vya tumbo. Ngozi inayoning'inia mikononi na tumboni, ambayo mazoezi hayaiondoi, nayo inawaumiza wengi kwa siri kuliko wanavyosema.

Kwa wanawake vijana kuna jambo la kushtukiza. Kilo zikishuka, uzazi unaweza kurudi hata kwa aliyengoja mtoto kwa miaka. Waganga wanaomba mimba isubiri miezi 12 hadi 18, kwa sababu mtoto anayejengwa wakati mama anakonda kwa kasi anakosa vifaa. Lakini vidonge vya kuzuia mimba vinaweza visinyonywe vizuri baada ya baipasi, kwa hiyo kijiti cha mkononi, sindano au kitanzi vinaaminika zaidi. Mimba ikishaingia, haitolewi lawama. Inaongezewa vipimo vya damu, chuma na asidi ya foliki.

Kilo zikianza kurudi kwa kweli, mara nyingi ni kati ya mwaka wa pili na wa tano, na sababu hujulikana kwa kuandika siku tatu mfululizo kila kilichoingia mdomoni. Mara nyingi ni vitu vya kutafunatafuna jioni, ni vinywaji, ni mtu aliyeacha kutembea. Kupima uzito mara moja kwa wiki kunatosha. Kila siku kunaleta wazimu bure. Kutembea kwa miguu kwenye vilima vya Bukavu ni mazoezi ya kweli, na kunyanyua vitu vizito kunalinda misuli. Siku hizi ziko sindano kama Wegovy, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2021, ambazo waganga wa nje wanawapa baadhi ya waliopanda tena. Kuinunua kwa mtu wa WhatsApp, bila muganga na bila friji, ni kucheza kamari.

Kilichobaki ni karatasi. Ripoti ya operesheni, yenye jina lake kamili na tarehe, ipigwe picha na ikae kwenye simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja. Aliyefanyiwa baipasi anaweza, hata baada ya miaka mingi, kushikwa usiku na maumivu makali ya tumbo kwa sababu utumbo umejiingiza mahali ambapo operesheni iliacha nafasi. Maumivu hayo yasingojewe hadi asubuhi, wala yasipewe dawa ya minyoo. Na muganga wa zamu, kabla ya kupitisha mpira wowote puani kwenda tumboni, lazima awe ameambiwa kwamba tumbo analotarajia kulikuta huko halipo tena kama zamani.